Tutamupika Ule Muzee

Ninyi vijana mnaotaka kushika filimbi mmeniuliza mara tatu sasa: "Mzee Elias, kosa lako kubwa kuliko yote ni lipi?" Mara zote tatu nimewapa hadithi ya bendera, mkacheka, tukaenda kunywa kahawa. Hadithi ya bendera ni ya kweli, ila si kosa langu kubwa. Lile kubwa ni la juzijuzi tu, msimu wa kwanza wa sheria mpya, wakati kichwa changu kilishakuwa cheupe na nilijiona sina cha kujifunza. Sasa filimbi nimeiweka chini na ninaweza kusema. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu nikiandika Kifaransa huwa najikuta nasema mambo ya adabu tupu.

Kwa wale ambao hawajaisikia ile ya bendera, naipitia haraka.

Nilikuwa msukuma vitanda kwenye hospitali kubwa kule Jette, hapa Brussels. Mgonjwa anatoka wodini kwenda eksirei, anatoka eksirei kwenda kwa daktari, na mimi niko nyuma ya kitanda. Siku moja nilimsukuma mzee wa Kiayalandi aitwaye Fergal, mtafsiri wa nyaraka, aliyevunjika mfupa wa bega akicheza na watu wenye nusu ya umri wake. Njia nzima alinieleza mchezo wenyewe huku amelala chali, akichora hewani kwa mkono uliobaki mzima. Mpira wa Kigaeli, akasema. Unaudaka kwa mikono na unaupiga kwa miguu. Goli lina milingoti miwili mirefu: ukiupitisha mpira juu ya mwamba ni pointi moja, ukiuzamisha wavuni ni tatu. Huruhusiwi kuukumbatia ukakimbia nao. Kila hatua nne uudundishe chini au ujipigie kwa mguu wako mwenyewe. Na hakuna anayelipwa, hata mwamuzi.

"Hata kidogo?" nikamwuliza.

"Utapewa sandwichi," akasema.

Miezi michache baadaye nilikuwa nimesimama nyuma ya goli kama mwamuzi wa golini. Waamuzi wa golini huvaa koti jeupe. Mimi nilikuja na koti la hospitali, na kabla mechi haijaanza watu wawili walikuwa wameshaniletea magoti yao niyatazame. Kazi yangu ilikuwa kuinua bendera, nyeupe kwa pointi moja, kijani kwa bao. Mpira wa kwanza ukapita juu ya mwamba, nami nikainua ya kijani kwa nguvu zangu zote. Timu moja ikaanza kukumbatiana. Nyingine ikanijia nzimanzima, watu kumi na mmoja, maana huku Ulaya viwanja ni vya kuazima kwa watu wa raga na tunacheza kumi na mmoja. Fergal ndiye alikuwa na filimbi. Akaja taratibu, akanishusha mkono.

"Elias, umeona nini?"

"Mpira umepita juu."

"Basi inua hicho ulichoona."

Ndiyo hiyo. Mmecheka tena. Sasa tuendelee.

Fergal alinifundisha kazi kwa miaka, na mengi ni madogo madogo ambayo hamtayakuta kwenye kitabu cha sheria. Andika kwa penseli, kwa sababu mvua ya Brussels inakunywa wino. Kadi nyekundu ikae mfuko wa nyuma, peke yake, ili mkono ulazimike kuitafuta. Sekunde ile ya kutafuta imewaokoa wengi. Usitazame mpira, tazama mikono, kwa kuwa mpira hauwezi kumvuta mtu jezi. Ukiona rafu, hesabu moja, mbili, ndipo upulize. Huenda aliyechezewa rafu ametoka salama na wewe ungemharibia. Na usisimame jua likiwa machoni mwako halafu ukasema umeona.

Jambo moja hakuweza kunifundisha, nalo ni kuandika ripoti ukiwa na hasira. Mwaka mmoja, kwenye maegesho ya magari, kocha wa timu iliyofungwa alinisukuma mpaka nikaanguka na miwani yangu ikavunjika kwenye lami. Nilikwenda nyumbani nikaandika kurasa mbili juu ya tabia yake, malezi yake, na nilichofikiri kuhusu ukoo wake. Nikasahau kuandika nani alikuwepo akiona. Kamati ya nidhamu haikuwa na pa kushika. Wiki iliyofuata yule bwana alinipungia mkono kutoka pembeni ya uwanja, akitabasamu.

Kwa hiyo sheria mpya zilipokuja nilizipokea kama mtu aliyetumiwa mzigo kutoka nyumbani. Ninyi mnazijua, lakini hamjui tulikotoka. Zamani ukipuliza filimbi unazungukwa na timu nzima, kila mmoja ana maoni, na mwenye sauti kubwa ndiye mwenye haki. Sasa nahodha peke yake anaruhusiwa kukusemesha. Mwingine akibisha, mpira wa adhabu unasogezwa mbele mita hamsini. Ukipuliziwa filimbi na mpira uko mikononi mwako, unamkabidhi mpinzani; ukiutupa pembeni kwa hasira, mita hamsini. Kadi nyeusi, ya kumvuta au kumwangusha mtu kusudi, unakaa nje dakika kumi. Hata bendera ya tatu imekuja, ya rangi ya chungwa, kwa wanaofunga kutoka mbali na kupata pointi mbili. Namshukuru Mungu sikuwa golini tena. Na anayemtishia mwamuzi anatolewa kwa nyekundu, halafu kamati inasoma ripoti, na adhabu si ya mchezo.

Nilizipenda mno. Fergal, aliyekuwa ameshaacha uwanja na kubaki msimamizi wetu, akanipa kazi ya kuwafundisha wenzangu. Nikawa natembea mbele ya ubao nikisema, "Mwamuzi asiyumbe. Akishaandika, ameandika." Hayo maneno ni yangu mwenyewe, msimlaumu Fergal.

Basi. Jumamosi moja, uwanja wa pembezoni mwa mji, kule ndege zinakopita chini zikienda kutua. Timu mbili za hapa hapa. Katika moja kulikuwa na kijana mrefu, jezi namba kumi na nne, Trésor, mwanafunzi kutoka Lubumbashi aliyekuwa anakaa mtaa wa Saint-Gilles. Alikuwa mpya kwenye mchezo, anakimbia kama mtu aliyeachwa na treni. Hakujua mimi ni mtu wa Tabora. Uwanjani nasema Kifaransa na Kiingereza tu, na sikuwahi kumwambia mchezaji yeyote kwamba Kiswahili nakisikia. Nilipenda iwe hivyo. Mtu husikia mengi.

Kipindi cha pili nilimpulizia filimbi kwa kumvuta mtu mkono. Hakubisha hata kidogo. Alimkabidhi mpinzani mpira, vizuri, kama sheria inavyotaka, akawa anarudi kinyumenyume huku akimwambia mwenzake mmoja, kijana wa Kolwezi: "Kisha match tutamupika ule muzee..." Ndege ikapita juu yetu. Wale wawili wakacheka.

Kwetu Tabora kupika ni kupika, unapika ugali. Lakini miaka yangu Brussels imenifundisha kwamba ndugu zetu wa Katanga, kule Lubumbashi na Kolwezi, wengi husema kupika pale sisi tunaposema kupiga. Asiyejua hilo angesikia kwamba wanataka kumtia sufuriani, angecheka na kuendelea na mechi. Mimi niliyejua, nilisikia kwamba mechi ikiisha nitapigwa. Niliiona ile miwani yangu kwenye lami. Na juu ya hofu, nisiwafiche, kulikuwa na furaha, ile furaha ya kumnasa mtu anayedhani humwelewi.

Mkono haukuhitaji sekunde kuitafuta kadi ya nyuma.

Trésor aliiangalia ile nyekundu kama barua iliyoandikwa jina la mtu mwingine. "Mais j'ai fait quoi?" Nimefanya nini? Nahodha wao akaja, mikono nyuma, kwa heshima zote, akauliza. Nikamjibu: amemtishia mwamuzi. Trésor akasogea, viganja wazi, akaanza, "Monsieur, non, j'ai dit..." Hapana bwana, nilisema... Yeye si nahodha. Nikainua mkono, nikatembea na mpira mita hamsini mbele. Wapinzani wakaupiga juu ya mwamba. Mechi ikaisha kwa tofauti ya pointi moja, hiyo hiyo.

Jioni niliandika ripoti safi kuliko zote nilizowahi kuandika. Dakika, mahali, jina, namba, umbali kati yangu na mchezaji. Maneno yenyewe kwa Kiswahili, tafsiri chini yake kwa Kifaransa: "Baada ya mechi tutampiga yule mzee." Nikaweka nukta.

Kamati ikapendekeza afungiwe msimu wote uliobaki. Trésor akapinga, na nakala ya barua yake ikaletwa kwangu nitoe maoni. Alikuwa ameandika kwamba alisema watanipiga picha. Baba yake aliye Lubumbashi, alieleza, alikuwa hataki kuamini kwamba katika mchezo wa Waayalandi kuna mzee mweusi mwenye filimbi na wote wanamtii, kwa hiyo alitaka kumtumia ushahidi.

Nilicheka. Picha! Nikaiweka barua juu ya friji.

Lakini ilinifuata. Nilikuwa napiga mswaki, naifikiria. Nimesikia visingizio vingi maishani, na kisingizio huwa kimechongwa kifanane na kitu. Hiki hakikufanana na kitu chochote. Nani anakaa chini kutunga uongo wenye baba asiyeamini? Siku ya tatu nikapanda basi hadi Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, barabara ya Chaussée de Wavre, dukani kwa Maman Odile. Ni mama wa Lubumbashi anayeuza vitenge. Mke wangu hununua kwake, na mimi huenda kubeba.

"Papa Elias! Leo uko peke yako? Maman alikufukuza?"

"Nina swali la lugha, Maman."

"Bon. Uliza, lakini shika hii," akasema, akanipa ncha ya kitenge aliyokuwa anaikunja.

"Mtu wa kwenu akisema 'tutamupika ule muzee', ana maana gani?"

Hakufikiri hata kidogo. "Tutamupika na nini?"

"Hivyo tu. Tutamupika."

"Hapana, papa. Haiwezi kuwa ivyo tu. Tunapikaka muntu fimbo, tunamupika telefone, tunamupika photo. Sasa ule alisema nini kisha?"

Nikaanza kuikunja ile ncha ya kitenge. Akanitazama.

"Alors?"

"Ndege ilipita," nikasema.

"Ndege ilipita." Aliweka kitenge chini. "Donc weye haukusikia. Neno ilikuwa ingali inakuya, na weye ukaenda. Na uyo mutoto, ulimufanya nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza mpaka ile pointi moja. Mteja aliingia, akasubiri, akaanza kusikiliza naye. Nilipomaliza, Maman Odile akasema kwa sauti ya chini kuliko nilivyotegemea, "Papa, hata ninyi munasema kupiga picha."

Na kweli tunasema. Kupiga simu, kupiga picha, kupiga pasi, kupiga hodi. Mimi nimezaliwa na Kiswahili, na siku ile uwanjani nilikuwa nimesahau lugha yangu mwenyewe.

Nikaenda kwa Fergal, nikamwambia nataka kuiondoa ripoti. Nilidhani atanipongeza kwa uaminifu. Alinimiminia chai, akasema, "Ukiiondoa ripoti hii, kesho kila anayekutishia atasema alitaka kupiga picha. Na kesho kutwa atakayetishiwa ni mwamuzi wa miaka ishirini na miwili anayeogopa kurudi uwanjani. Hilo umelifikiria?"

Sikuwa nimelifikiria. Na alikuwa na haki. Niliwajua vijana hao. Wengine ni ninyi.

"Unajua kwamba hakukutishia?" akaniuliza.

"Sijui. Ninachojua ni kwamba sikusikia mwisho wa sentensi. Na ripoti yangu inasema nilisikia."

Fergal akazungusha kikombe chake. "Basi nenda ukaseme hivyo tu. Usiongeze kwamba kijana ni malaika. Hilo nalo hukuliona."

Kamati ilikaa Jumamosi asubuhi katika chumba cha kukodi chenye viti vya plastiki. Walikuwa watu watatu, wote Waayalandi, pamoja na Trésor katika shati lililopigwa pasi, na nahodha wake. Mimi nilikuja na Maman Odile. Alikuwa amefunga duka kwa saa mbili nzima kwa ajili ya kijana asiyemjua, na alitaka kila mtu ajue hivyo.

Nikasimama, nikasema kwamba maneno niliyoandika niliyasikia, lakini hayakuwa yote. Ndege ilipita, na nukta niliyoweka haikuwepo. Mwenyekiti, mwanamke mwenye miwani ya kusomea, akaniuliza kama kuna mtu amenishawishi. Nikasema hapana. Akaniuliza kama ninajua kwamba ripoti nyingine zangu zote zinaweza kutiliwa shaka kuanzia leo. Hilo lilinichoma. Nikasema ninajua.

Kisha Maman Odile akaeleza kupika kwa Kifaransa, na ninasikitika hamkuwepo. Alionyesha kwa mikono: fimbo, simu, kamera, na mwishoni sufuria, "hiyo sufuria ndiyo mbaya kuliko zote, lakini hakuna aliyemshtaki kwa sufuria." Mmoja wa wanakamati alikuwa anaandika kwa bidii, nadhani mpaka leo kuna karatasi mahali yenye orodha hiyo. Kijana wa Kolwezi naye alikuwa ameleta maelezo yake kwa maandishi, na yalisema neno lile lile: photo.

Wakatoka dakika chache, wakarudi. Adhabu imefutwa. Matokeo ya mechi yanabaki. Na mwamuzi Elias atasimamishwa mpaka apimwe upya, darasani na uwanjani. Niliyekuwa nafundisha nikarudi kukaa dawati la mbele, nikiulizwa maswali niliyoyatunga mwenyewe. Mawili nilikosa.

Pale nje, kwenye korido, nilimfuata Trésor nimwombe radhi. Nilimwomba kwa Kiswahili. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa ameinamisha kichwa, na nilipomaliza hakusema kwamba yamekwisha.

"Papa," akasema, "weye unajua Kiswahili."

"Najua."

"Sasa mbona haukuniuliza? Ungeniuliza tu: mutanipika nini?"

Nimeisoma ile sheria mara nyingi tangu siku hiyo. Inamkataza mchezaji asiye nahodha kumbishia mwamuzi, na ni sheria nzuri, nitaitetea mpaka kesho. Lakini hakuna mstari unaomkataza mwamuzi kumwuliza mchezaji neno moja. Huo niliuongeza mwenyewe. Nilifurahia ukimya ule kupita kiasi, nikadhani na mimi nimeamriwa kunyamaza. Vijana, sheria mpya zimewapa kitu ambacho sisi hatukuwa nacho: nafasi ya kusikia. Msiitumie kwa kukaa tu ndani yake kama wafalme.

Nilipita mtihani, si kwa kishindo. Nikarudi uwanjani kwa mechi za mwisho mwisho, na mojawapo ilikuwa nusu fainali ya mashindano ya hapa, timu ya Trésor dhidi ya wageni. Maman Odile alikuwepo pembeni na kiti chake cha kukunja, kwa sababu, alisema, anataka kuona ni mupira gani iyi ya kushika na mukono ambayo inamufungishaka duka. Hakuelewa kitu, na alishangilia timu zote mbili.

Timu ya Trésor ilikuwa mbele kwa pointi mbili, dakika za lala salama, wakati mgeni mmoja alipochomoka katikati na njia nyeupe mbele yake. Trésor alikuwa ubavuni. Mgeni akaanguka. Nilikuwa nimewaona kwa nyuma tu. Mkono wa Trésor ulikuwa upande wa pili wa miili yao. Nikapuliza. Kila mtu pale alijua habari zetu sisi wawili. Nahodha wake alianza kuja. Nikamwashiria asubiri, nikamwendea Trésor mwenyewe mpaka karibu.

"Umemshika jezi?" nikamwuliza kwa Kiswahili.

Alikuwa anahema. Alitazama ubao wa pointi, akatazama wenzake. Angeweza kusema hapana. Ningekuwa sina jinsi ya kujua, na nadhani aliliona hilo usoni mwangu.

"Ndiyo, papa. Nimemushika."

Nikatoa kadi nyeusi. Akauokota mpira, akamkabidhi yule mgeni mkononi, akatembea nje kwa dakika zake kumi. Wenzake hawakuamini. Maman Odile, ambaye hakujua rangi ile ina maana gani, akasimama kwenye kiti chake na kupiga makofi.

Wageni walifunga mabao mawili kabla dakika hizo hazijaisha, na timu ya Trésor ikatolewa. Ripoti yangu ya siku ile ilikuwa na mstari mmoja, kwamba nilimwuliza mchezaji naye akakiri, na hakuna aliyeandika barua kuipinga.